Daftari Bila Nywila na Maji ya Siku Tisa

Wanangu mnaoanza kazi za kompyuta, mniwie radhi nikirukaruka. Nimestaafu mwaka juzi, lakini miguu yangu haijapata taarifa. Naandika mistari mitano, nasimama, nakwenda kuangalia kuku, narudi. Binti yangu Kabula ananiambia, "Mama, tulia basi." Nitatuliaje? Zaidi ya miaka ishirini nilikuwa mtu wa kuitwa. Mashine imegoma, njoo. Karatasi imekwama, njoo. Umeme umerudi lakini seva haijarudi, Mama Kabula, njoo mbio.

Nilifanya kazi kwenye maabara ndogo ya mtu binafsi huku Geita. Wachimbaji walituletea mawe wajue yana dhahabu kiasi gani, na vijiji vilituletea maji ya visima wajue kama yananyweka. Mwenye maabara alikuwa Bi Rehema, mkemia kutoka Tanga, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Akikuita, unaacha ulichoshika. Mimi niliingia pale kuosha chupa. Yeye aliniona nachungulia kompyuta yake kila nikipita na ndoo, akasema, "Kaa hapa. Afadhali uguse nikikuona kuliko uguse nisipokuona." Ndivyo nilivyoanza. Cheti nilikuja kukipata baadaye sana, wakati wenzangu wa darasani wakiniamkia shikamoo.

Nawaambia haya ili msije mkadhani naandika kama profesa. Mambo mengi niliyajua kwa kuyaharibu kwanza.

Sasa, daftari. Nyinyi mnayajua haya madaftari ya kompyuta, lakini mwenzenu mwingine huenda hajui. Ni ukurasa unaoufungua kwenye kivinjari, una visanduku. Ndani ya kisanduku unaandika hesabu kwa lugha ya kompyuta, unabonyeza, jibu linatoka hapo hapo chini. Zamani hesabu zetu tulizifanya kwa kikokotoo na kalamu, na Bi Rehema alizirudia zote kwa mkono. Daftari lilipokuja, kazi ya asubuhi nzima ikawa ya dakika. Unaingiza namba iliyosomwa na mashine, daftari linakwambia maji yana aseniki, ile sumu ya machimboni, kiasi gani. Seva yake niliiweka kwenye kompyuta yetu moja pale pale ofisini. Haikuhitaji intaneti hata kidogo, na mimi nilijivuna kwa hilo.

Seva hiyo, ukiiacha ilivyo, ina adabu zake. Kila inapowaka hutunga neno la kuingilia, mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu ambao hakuna binadamu anayeukariri, na kuuonyesha kwenye kioo cha ile kompyuta inayoiendesha. Usipokuwa nao huingii. Na ikizima ikawaka tena, neno la jana halifai, limetungwa jipya. Mahali penye umeme wa uhakika hilo halisumbui. Sisi umeme ulikuwa unakatika tunapochemsha chai, unakatika tena tunapoinywa.

Basi mimi nikawa msomaji wa herufi. Maneno, mpimaji mwenzangu, alikuwa chumba cha pili na kompyuta yake, nami nasimama mlangoni nasoma kwa sauti: "B, nane, sifuri, F..." Naye anauliza, "Sifuri au O?" Maneno alikuwa kijana wa Kigoma, mpole, mwislamu wa kuswali kwa wakati, mcheshi bila kucheka mwenyewe. Siku moja aliniambia, "Mama Kabula, neno hili ni refu kuliko ukoo wangu."

Nilijaribu dawa. Nikaweka nywila moja ya kudumu, maana seva inaruhusu: unaipa amri, unaandika nywila mara mbili, inaisaga na kuhifadhi ile iliyosagwa, hata mwizi wa faili hawezi kuisoma moja kwa moja. Nikajiona fundi. Lakini nilisahau kuiwasha seva upya, kwa hiyo ikaendelea kudai neno la zamani na kuikataa nywila yangu mbele ya Bi Rehema. Nilipoiwasha upya ikakubali. Baada ya wiki mbili nikabadilisha nywila, kwa kuwa nilikuta mtu ameibandika ukutani karibu na kalenda, nikashangaa Maneno yumo ndani bila kuulizwa chochote. Kivinjari chake kilikuwa bado kinakumbukwa na seva. Ndipo nikajifunza kwamba kubadilisha kufuli hakumtoi aliyemo ndani. Lazima ufute ile siri ambayo seva hutumia kuwakumbuka watu, kisha wote waanze upya mlangoni. Lishikeni hilo. Limewaangusha wakubwa kuliko mimi.

Halafu shangazi yangu akafariki, kule Songwa nilikozaliwa. Niko msibani, simu inaita. Maneno. Amesahau nywila mpya, na wateja wamejaa. Nikainuka kati ya waombolezaji nikaenda nyuma ya zizi kumtajia. Akakosea. Nikarudia. Akakosea. Wajomba wakaniangalia. Nilirudi kazini na hasira, na hasira ni mshauri mbaya. Nikafungua faili la mipangilio, nikaandika mistari miwili: neno la kuingilia, hakuna, nywila, hakuna. Juu ya hilo nilikwisha kuiruhusu seva iitike kwa yeyote aliye kwenye waifai ya ofisi, ili Maneno na Bi Rehema waipate vyumbani mwao. Na waifai yenyewe tuliwagawia wateja wanaosubiri majibu, nywila yake tumeiandika kwa maki peni pale mapokezi.

Wote walinishukuru. Bi Rehema mwenyewe alisema, "Angalau sasa tunafanya kazi." Miezi ikapita kimya.

Nisimame kidogo hapa. Kila nikifika sehemu hii mwili unawasha.

Haya. Maji yanayotoka maeneo ya machimbo mara nyingine huwa makali mno kwa mashine yetu, kwa hiyo tulikuwa tunayazimua kwanza: kipimo kimoja cha sampuli, maji safi mpaka itimie kumi. Mashine inasoma, kisha daftari linazidisha kwa kumi kurudisha ukali wa kweli. Hiyo kumi ilikuwa imeandikwa kwenye kisanduku kimoja, juu kabisa. Ukipima maji ambayo hujayazimua, unaibadilisha iwe moja, ukimaliza unairudisha kumi. Tulikuwa tunaibadilisha kwa mkono, kila mtu, tena na tena, kwenye daftari lile lile moja.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Napitisha maji ya majaribio, yale tunayoyatengeneza wenyewe tukijua yana nini ndani, ili kuona kama mashine iko sawa. Jibu likatoka dogo, sehemu moja ya kumi ya lilivyotakiwa. Nikadhani nimekosea kuzimua. Nikazimua upya. Jibu lile lile. Nikapanda hadi juu kabisa ya daftari, nikaiona: moja. Pale pa kumi pamekaa moja.

Sikupiga kelele. Nilivuta rejista ya majibu yaliyotoka nikarudi nyuma siku kwa siku, nikizidisha kwa kumi kichwani. Sampuli za maji yaliyozimuliwa zilikuwa tano tangu siku ya majaribio ya mwisho. Nne, hata ukizidisha kwa kumi, salama. Ya tano haikuwa salama. Ilitoka kwenye kisima kipya cha pampu ya mkono cha kijiji kimoja upande wa Nyarugusu, na majibu yake yalikuwa yamechukuliwa siku tisa nyuma. Kwenye karatasi tuliandika "yanafaa kwa kunywa", na mhuri.

Niliingia kwa Bi Rehema bila kubisha hodi. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Ile chupa yenyewe ipo?"

"Ipo. Nitaipima tena sasa hivi."

"Ipime. Kisha Jumatatu tutume mtu achukue sampuli nyingine, tuwe na uhakika kabla ya kutia watu hofu."

"Bi Rehema, Jumatatu ni siku kumi na moja."

"Najua kuhesabu, Mama Kabula."

"Wanakunywa sasa hivi. Tunavyoongea, mtu anapampu."

Alirudisha miwani usoni. Kisha akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Pima. Ikiwa ni kweli, nenda wewe mwenyewe."

Nikapima mara mbili. Ilikuwa kweli. Nikampigia mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji, mwanamke anayeitwa Mama Shija, simu haikupatikana. Nikachukua bodaboda. Njia nzima nilikuwa namwambia dereva aongeze mwendo, na akiongeza namwambia apunguze.

Nilikuta wanawake wamepanga foleni ya ndoo. Mama Shija alikuwa pale pale kisimani, kitenge kimefungwa kiunoni, anaongoza zamu. Alinikumbuka, maana ni yeye aliyekuja kuchukua majibu.

"Mwangaluka, mayu!" alinisalimia kwa Kisukuma, kwa furaha, akiniita mama. "Umekuja kuona matunda ya kazi yenu? Karibu uonje."

"Mama Shija, naomba watu waache kupampu."

"Kwa nini?"

"Majibu tuliyowapa yalikosewa. Maji haya yana sumu. Si ya kuua leo wala kesho, ila hayafai. Toeni mpini wa pampu."

Alinitazama kama niliyesema kwa lugha ngeni. Mwanamke wa mbele kwenye foleni aliacha mpini, ukashuka wenyewe, maji yakamwagika miguuni mwake.

"Uliniandikia yanafaa," Mama Shija alisema. "Nimewasomea mkutanoni. Kwa mdomo wangu huu."

"Ni kweli."

"Sasa unaturudisha lamboni? Tukanywe na ng'ombe?"

"Mpaka tupate njia nyingine. Maji ya lambo chemsheni. Haya hata mkichemsha, sumu yake haitoki."

"Nani alikosea?"

"Sisi," nikasema. "Ofisi."

"Ofisi haina mikono," alisema Mama Shija. "Nani?"

Kabla sijasema kitu, msichana mmoja mwenye ujauzito mkubwa alitoka kwenye foleni. Aliitwa Minza, nilikuja kumjua baadaye. Aliuliza taratibu, bila hasira hata chembe, na hilo ndilo lililonimaliza: "Mayu, mimi nimekunywa siku zote tisa. Mtoto je?"

Ningeweza kumwambia usijali. Nilimwambia, "Sijui, mwanangu. Nitakupeleka kwa anayejua." Nikampakia kwenye ile bodaboda, tukaenda naye kituo cha afya. Daktari alieleza kwamba sumu ile hujeruhi kwa kurundikana mwilini kwa miaka, kwamba siku tisa hazikuwa za kumtisha, lakini aje kliniki bila kukosa. Mtoto alizaliwa salama, wa kiume. Nilikwenda kumwona mara tatu. Mara ya tatu Minza akaniambia, "Mayu, mtoto mzima, unamkagua kama ng'ombe wa mnadani." Nikacheka, lakini niliendelea kumhesabu vidole.

Jumatatu Bi Rehema alituita sote. Swali lilikuwa la Mama Shija: nani? Na hapa ndipo nilipofanya kosa kubwa kuliko lile la mistari miwili.

Nilikwenda kwenye kumbukumbu za seva. Seva ilikuwa imeandika kwamba daftari lilihifadhiwa siku ya Alhamisi mchana, Alhamisi ile ile ambayo Mama Shija alichukua majibu jioni yake. Na nani? Hakuna. Mlango usiouliza jina hauna jina la kutaja. Angeweza kuwa mimi, Maneno, Bi Rehema, au mteja yeyote aliyekaa mapokezi na simu yake. Nami nilikumbuka kwamba Alhamisi ile nilimwona Maneno na chupa za maji ambayo hayakuzimuliwa. Nikasema. Mbele ya watu wote nikasema, "Alhamisi aliyekuwa na sampuli zisizozimuliwa ni Maneno."

Maneno aliniangalia. Bi Rehema akamwuliza, "Uliirudisha kumi?"

"Nakumbuka niliirudisha."

"Unakumbuka au uliirudisha?" nikadakia mimi. Mimi, niliyetoa nywila!

Hakuna aliyemfukuza. Ila tangu siku ile Bi Rehema alirudia kila hesabu ya Maneno kwa mkono, yake peke yake, na wenzake wakaanza kunyamaza akiingia. Mwisho wa mwezi alikuja kwangu, akaweka ufunguo wa chumba cha mashine juu ya meza. "Nisalimie Kabula," akasema, akaondoka.

Kijiji kilichimba kisima kingine upande wa pili wa bonde. Mama Shija alileta maji mwenyewe, amekumbatia chupa kifuani. "Safari hii," aliniambia, "mhuri sitaki. Nataka jina la aliyepiga hesabu." Nikamwahidi. Alipoondoka nikabaki na aibu, maana mfumo wangu haukuweza kutimiza ahadi hiyo.

Hapo ndipo nilipoitengeneza kazi ilivyopaswa kutengenezwa tangu mwanzo. Niliweka mfumo unaompa kila mtu akaunti yake, jina lake, nywila yake na nakala yake ya daftari. Hesabu ya kuzimua nikaitoa kwenye kisanduku cha kubadilishwa; ikawa lazima uiandike upya kwa kila sampuli, na usipoiandika daftari linakataa kutoa jibu. Wateja wakapewa waifai yao peke yao, isiyoiona seva. Na karatasi ya majibu ikaanza kutoka na jina la mpimaji, siku na saa. Maji ya Mama Shija yalikuwa mazuri. Chini yake paliandikwa jina langu, na aliposoma alinyanyua macho akanishukuru, "wabeja," basi.

Wengi wenu mtadhani nywila ni ya kumzuia mwizi. Anayekuja kuiba ni mmoja kwa nadra. Nywila inawalinda zaidi wale waliomo ndani kihalali, ili likitokea jambo, asiyehusika awe na kitu cha kuonyesha. Mlango ule nilipouacha wazi, nilimnyang'anya Maneno kitu hicho, kisha nikasimama mbele ya watu nikamtaka akionyeshe.

Nilistaafu na jambo hilo tumboni. Mwezi wa kwanza wa kustaafu nilifagia uwanja mara mbili kwa siku. Mwezi wa pili nikapanda basi kwenda Songwa kuwasalimu ndugu, na huko nikasikia kwamba jirani yao mmoja, fundi wa kompyuta mwenye duka la kuchapa barua karibu na stendi, ni mtu wa Kigoma anayeitwa Maneno. Nilizunguka stendi ile mara tatu kabla ya kuingia.

Alikuwa amenenepa kidogo, ana mvi. "Shikamoo, Mama Kabula," alisema, kana kwamba tuliachana jana. Akanivutia kiti. Akaulizia Kabula. Akaagiza soda. Mimi nikashindwa kunywa.

"Maneno, nimekuja kwa ajili ya ile Alhamisi."

"Nilijua."

"Sikuwa na ushahidi. Nilikutaja tu kwa sababu nilikuwa naogopa."

Aliinamisha kichwa, akasogeza karatasi zilizokuwa zimenyooka tayari. Kisha akasema, "Unakumbuka maji ya bwawa la samaki la yule padri?"

"Yapi?"

"Alhamisi ile, saa sita. Mimi nilikwenda kuswali adhuhuri. Niliporudi nikakukuta wewe unayapima. Ulisema bwawa halina haja ya kuzimuliwa."

Maji ya bwawa la padri. Chupa kubwa yenye kifuniko cha bluu. Niliyapima mimi. Yalikuja baada ya chupa za Maneno, si kabla. Kama niliirudisha kumi, sikumbuki. Hata leo nakaa nalazimisha kichwa, hakinipi kitu.

"Kwa hiyo miaka yote hii," nikasema, "ulijua ni mimi."

"Sikujua. Nilidhani."

"Basi kwa nini hukusema pale kikaoni? Nilikusimamisha mbele ya watu, Maneno! Ungesema neno moja tu."

Hakuwa na uchungu usoni, na mimi nilikuwa nautamani uchungu huo.

"Sikuwa na hakika, mama," alisema. "Wewe ulikuwa na hakika."

Nikatoa simu. Nikampigia Bi Rehema pale pale, nikaweka sauti ya nje. Nilimweleza yote: bwawa la padri, chupa ya kifuniko cha bluu, kwamba nilimtaja mtu bila kujua, na kwamba huenda namba ile niliiacha mimi. Upande wa pili nikasikia feni ya ofisi yake.

"Yupo hapo?" aliuliza hatimaye.

"Yupo. Anakusikia."

"Ondoa sauti ya nje. Mpe simu."

Maneno aliipokea kwa mikono miwili, akatoka nayo nje kwenye jua. Niliyasikia maneno mawili tu, "Shikamoo, mama," kisha akaenda mbali. Kupitia mlangoni nilimwona anatembea kati ya mabasi, anakwenda, anageuka, anarudi, ameinamisha kichwa, anasikiliza. Mteja akaingia anataka kuchapiwa barua. Nikainuka, nikakaa kwenye kompyuta yake kumsaidia. Kioo kilikuwa kimefungwa, kinaniuliza jina na nywila.

"Msubiri mwenyewe," nikamwambia mteja. Nami nikasubiri.